Mikwaruzo, matundu na kidirisha kilichozibwa: nilivyoisoma kamera yangu kuukuu

Wadau wa kamera za filamu, leo nataka niandike kwa urefu kidogo kuhusu zile alama za ajabu ajabu tunazozikuta kwenye kamera kuukuu, yaani namba iliyochongwa kwa mkono, tundu ambalo halipo kwenye kamera nyingine yoyote ya aina hiyo, mkwaruzo ulionyooka mno kiasi kwamba huwezi kusema ni bahati mbaya. Watu wengi wakiona vitu hivyo wanasema kamera imeshachezewa, wanaiweka pembeni wanatafuta iliyo safi. Mi naipenda zaidi hiyo iliyochezewa, manake mtu hatoboi tundu kwenye kamera yake bila sababu, kuna picha alikuwa anaitafuta na kamera ilivyotoka kiwandani haikumpa.

Ninayoizungumzia hapa ni Zeiss Ikon ya kukunja, ile ya mvukuto wa ngozi inayofunguka kwa kubonyeza kitufe, inapiga fremu za sentimita 6x9 kwenye filamu ya 120, ile pana ya roli yenye karatasi nyuma, lenzi yake ni Tessar na shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, ni Compur-Rapid, kazi ya miaka ya 1930. Ilikuja ikiwa na alama nyingi kuliko kamera yoyote niliyowahi kushika. Nilipoanza kuichunguza nilikuwa nahesabu alama zote kama fumbo moja na ndo maana kwa muda mrefu hazikuwa zinaleta maana, hii inasema hivi ile inaipinga. Fumbo lilianza kufunguka nilipoanza kujiuliza swali jingine kabisa: hizi alama ni za watu wangapi, na nani alianza?

Kwanza ondoa za kiwanda. Hili linachosha ila usiliruke, manake nusu ya vitu vinavyoonekana vya ajabu ni vya kawaida kabisa kwa wakati wake. Mfano namba. Kamera yangu ina namba moja kwenye bodi, nyingine kwenye ukingo wa lenzi, nyingine kwenye shata, na hakuna hata mbili zinazofanana, mtu mgeni anaweza kusema kamera imeunganishwa kutoka vipande vya kamera tatu. Hapana, hivyo ndivyo zilivyotengenezwa. Zeiss Ikon yenyewe iliundwa 1926 kwa kuunganisha kampuni nne, ICA, Ernemann, Goerz na Contessa-Nettel, lenzi ilikuwa inatoka kwa Carl Zeiss kule Jena, na Compur inatoka kwa Friedrich Deckel kule München, na kila mmoja alikuwa anahesabu vyake. Halafu kuna namba ya modeli iliyokandamizwa kwenye ngozi ya nje, yenye mstari wa mshazari katikati, hiyo baada ya mstari inakuambia saizi ya fremu: /2 ni ya 6x9, /16 ni ya 6x6. Kwenye lenzi wameandika f=10,5cm, kwa sentimita na kwa mkato, ambayo ni milimita 105 tu. D.R.P. ni tangazo la hataza ya Ujerumani ya wakati ule. Vyote hivyo weka kando.

Namba za tundu la mwanga, yaani uwazi wa ndani ya lenzi unaoupanua au kuubana, nazo zinasumbua watu. Yangu inasoma 4,5 halafu 6,3 halafu 9, 12,5, 18, 25. Hizi 5.6, 8, 11, 16 tulizozizoea hazipo kabisa. Ni mfululizo wa zamani uliokuwa unatumika Ulaya, na bado kila hatua kamili inakata mwanga nusu ya iliyotangulia, kwa hiyo mita yako ya mwanga ikisema 8 ukaweka 9 hujakosea chochote cha maana, hasa kwa filamu ya negativu. Shata nayo inakwenda 25, 50, 100, 250, 400, yaani sehemu ya sekunde, basi 125 ya kwenye mita unaipeleka kwenye 100 unaendelea na maisha. Kwenye Kodak za mwanzo kabisa ni balaa zaidi, manake nyingi zina mfumo wa U.S. ambapo 4 ni sawa na f/8 yetu na 8 ni sawa na f/11, na zinakutana kwenye 16 peke yake, usipojua hilo utaharibu filamu zako huku unailaumu kamera.

Na kuna nukta mbili nyekundu. Moja iko kwenye skeli ya umbali, karibu na mita 10, nyingine kwenye skeli ya tundu la mwanga. Nimewahi kuona mtu anaisugua ya kwake na pamba yenye spiriti akidhani ni rangi ya kucha ya mwenye kamera wa zamani, nikamwomba aache hapo hapo. Ni ya kiwandani. Ukiweka umbali na tundu la mwanga kwenye hizo nukta mbili unakuwa umeseti kamera kwa picha za haraka, kila kitu kuanzia mita kadhaa mbele yako hadi mbali kabisa kinakuwa kikali vya kutosha, hupimi chochote, unafungua, unapiga, unafunga. Kwa kamera isiyo na kipimo cha umbali ndani yake, hizo nukta ni hazina.

Sasa tuje kwenye mgongo wa kamera, hapa ndo utamu ulipo. Kuna vidirisha viwili vyekundu. Kidirisha chekundu kazi yake ni kusomea namba zilizochapwa kwenye karatasi ya nyuma ya filamu, unazungusha mpaka namba itokee unaacha. Kimoja kinatosha kwa fremu 8 za 6x9. Cha pili cha nini? Tena kile cha pili kimezibwa kutokea ndani kwa karatasi nyeusi na gundi iliyokauka mpaka imekuwa kama ganda.

Nilivyoangalia ukingo wa hivyo vidirisha nikaona vinafanana kabisa, chuma kilekile, kazi ileile, kwa hiyo vyote viwili ni vya kiwanda. Nikarudi kwenye lango la filamu, ile sehemu ya wazi ambayo picha inapita, nikakuta vitundu vinne vyembamba kwenye kona, visafi, vya mashine, ambavyo havishiki kitu chochote. Hapo ndo nikaelewa. Kamera ilikuwa inakuja na kibati cha kuchomeka kwenye lango, kinaziba pande mbili na kuacha katikati fremu ya 6x4.5, unapata picha 16 kwenye roli moja. Na karatasi za 120 za zamani zilikuwa na safu ya namba 1 mpaka 8 tu, kwa hiyo ujanja wao ulikuwa kuipitisha kila namba mara mbili, namba 1 kwenye kidirisha cha kwanza unapiga, namba 1 hiyo hiyo kwenye kidirisha cha pili unapiga tena, 8 mara 2 ni 16. Kibati ni kitu kidogo kisichofungwa na chochote, na ndo maana kamera nyingi za aina hii leo zina vidirisha viwili na kibati hamna.

Nilibaki nimekaa na hiyo kamera nikiiangalia kwa heshima kabisa. Ila sasa hiyo ni kiwanda bado. Mikono ya watu inaanzia hapa.

Kwenye pete ya umbali, kati ya mita 1.5 na mita 2, kuna mkwaruzo mmoja. Mfupi, mwembamba, umeelekea katikati ya lenzi barabara kama zile alama za kiwanda zenyewe. Mkwaruzo wa bahati mbaya huwa umelala ovyo, unaanza kwa nguvu unaisha kwa kufifia, na mara nyingi unavuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Huu haujavuka kitu. Na chini ya kamera, karibu na tundu la skrubu ya stendi, kuna kipete kidogo cha shaba kimefungwa na skrubu ambayo kichwa chake hakifanani na skrubu nyingine hata moja kwenye bodi. Kipete hakibebi mkanda, ni kidogo mno, na kiko peke yake.

Nilikizunguka hicho kipete kwa muda. Nikakipuuza, nikarudi, nikakipuuza tena. Jibu nililipata nilipofanya hesabu ya mkwaruzo. Ukifungua Tessar ya 105 mpaka 4,5 na mtu wako yuko kama mita 1.7, sehemu iliyo kali mbele na nyuma kwa jumla ni kama sentimita 10 hivi tu, yaani pua na macho viwe sawa, masikio yanaanza kulegea. Huwezi kukisia umbali kwa macho ukapata hiyo kila mara. Ila ukiwa na uzi wenye urefu uliopimwa, umefungwa kwenye kipete chini ya kamera, unampa anayepigwa picha ashike ncha usawa wa jicho, uzi ukikaza unajua uko sahihi, anauachia, unapiga. Mkwaruzo na kipete ni kitu kimoja. Nilipofunga uzi na kupima kutoka kwenye kipete, nikaweka pete ya umbali kwenye mkwaruzo na kuangalia kwa kioo chepesi chenye ukungu nilichokibandika kwenye lango la filamu, ukali ulikaa pale pale.

Na hapo kibati kikarudi kwenye hadithi chenyewe. Milimita 105 kwenye fremu ya 6x9 ni lenzi ya kawaida tu, ukimsogelea mtu mpaka hapo unapata kiwiliwili na nafasi kibao pembeni. Ila ukichomeka kibati fremu ikawa 6x4.5, lenzi ile ile inakuwa ndefu kidogo kwa fremu, ni lenzi nzuri ya sura. Halafu kumbuka picha zinakuwa 16 kwenye roli, na kamera ikishikwa kwa mlalo fremu inasimama wima yenyewe. Mtu wa kwanza alikuwa anapiga sura, nyingi, za umbali mmoja, na aliijua kamera yake vizuri sana.

Sasa kama alikuwa anatumia kibati, alihitaji kidirisha cha pili. Kwa nini kimezibwa? Hapa ndo nilipokuwa nakwama zamani, na hapa ndo swali la watu wangapi linapoanza kulipa. Aliyeziba siyo yeye.

Ukiangalia kwa lenzi ya kukuzia huku tochi umeilaza pembeni, siyo juu, mwanga ukiwa wa pembeni kila kitu kinanyanyuka, unaona rangi nyeusi ya ndani ya mgongo imechakaa na kung'aa mahali karatasi ya filamu ilipokuwa inasugua. Ile karatasi iliyozibia kidirisha imebandikwa juu ya sehemu iliyochakaa tayari. Kwa hiyo roli nyingi zilishapita kabla ya kuziba. Mkwaruzo wa kwenye pete nao una kingo za mviringo, vidole vimeupitia mpaka ukali wake umeisha, na ndani umejaa uchafu mweusi mgumu. Huo ni wa zamani. Basi kuna mtu wa pili, aliipata kamera bila kibati, au kibati kilimpotea, kidirisha cha pili kikabaki hakina kazi ila hatari yake ipo. Filamu za zamani zilikuwa hazioni mwanga mwekundu, ndo maana kidirisha kikawa chekundu na hakikuleta shida. Zilipokuja zile zinazoona rangi zote, pankromatiki, wekundu wa kidirisha ukawa siyo kinga tena, jua likipiga mgongo wa kamera unaweza kupata alama ya duara kwenye negativu, wakati mwingine na namba yenyewe imejichapa. Kidirisha cha kwanza kwenye kamera yangu kimeongezewa mlango mdogo wa kuteleza, kazi ya mkono, bati limekatwa na kukunjwa vizuri kabisa. Aliyefanya hivyo alifikiria hatua zote mbili: anachokitumia akakiwekea mlango, asichokitumia akakiziba moja kwa moja.

Huyo wa pili aliacha kitu kingine ambacho nimekipenda kuliko vyote. Kwenye ukingo wa chini wa lango la filamu, karibu na kona, kuna kijipengo kidogo cha nusu duara kimekatwa kwa tupa. Bado kinang'aa, hakijapakwa rangi, kingo zake kali ukipitisha ukucha zinashika. Nilipiga roli nikasafisha na kuangalia negativu, na pale kwenye kona kila fremu ina kinundu, picha imechungulia nje ya mpaka wake kidogo. Kinatokea upande wa juu wa picha, siyo wa chini, kwa sababu lenzi inaipindua picha ndani ya kamera. Ukiichapa na mipaka yake, ule ukingo mweusi unakuwa umemegwa hapo.

Hii ni saini. Kamera za Hasselblad zinafanya hivyo kutoka kiwandani, lile boksi la filamu lina vipengo viwili vya V kwenye ukingo mmoja na wapiga picha wanazitambua negativu zake kwa hizo. Wapiga picha wenye kamera au maboksi kadhaa walikuwa wanaongeza vipengo vyao kwa tupa, kila kimoja na mahali pake, ili negativu ikitoka na mkwaruzo au mwanga uliovuja wajue ni kifaa gani kipelekwe kwa fundi bila kuhangaika na vyote. Kwa hiyo mtu wangu wa pili alikuwa na zaidi ya kamera moja, na alikuwa anafuatilia makosa kwa utaratibu. Kipengo cha milimita chache kimenieleza yote hayo.

Soketi ya flashi sitaielezea sana. Compur-Rapid za kabla ya vita hazikuwa na waya wa flashi, yangu inayo, imetobolewa ubavuni mwa shata, haina herufi ya X wala M pembeni (zile za kuonyesha aina ya flashi), na ndani kuna risasi ya kulehemu. Hiyo ni ya fundi, baadaye. Ukitaka kujua kama imewekwa vizuri fungua mgongo bila filamu, chomeka flashi ya kielektroniki, ielekeze kwenye ukuta mweupe, chungulia kwa nyuma unapobonyeza: ukiona duara zima lenye mwanga, vipande vya shata vilikuwa wazi kabisa wakati flashi inawaka. Yangu inaonyesha duara zima.

Kuna kitu lazima niseme hapa kabla mtu hajaamini kila anachokiona kimechongwa. Alama nyingine zimewekwa ili kudanganya. Rafiki yangu aliletewa "Leica", kamera maarufu ya Ujerumani, ya rangi ya dhahabu yenye tai na maneno ya jeshi la anga la Ujerumani, akaniomba niitazame. Tulitoa lenzi, tukaangalia ndani juu ya mdomo wa lenzi, pale panapokaa kile kimkono kinachogusa lenzi ili kipimo cha umbali kijue iko wapi. Leica yenyewe inaweka kigurudumu kidogo pale. Ya kwake ilikuwa na kipande bapa kilichochongwa kama kabari, ambayo ni kawaida ya FED na Zorki za Umoja wa Kisovieti, nakala za Leica, FED zikianza Kharkiv 1934 na Zorki zikianza Krasnogorsk 1948. Kamera nzuri tu, inapiga, ila maneno ya juu ni ya uongo na yamechongwa baadaye. Tangu hapo nikiona maandishi matamu sana juu ya kamera naanza kuangalia ndani. Vitu vya ndani havikuwekwa kwa ajili ya kumvutia mtu.

Tofauti na zile alama rasmi ambazo huwa zimekaa kikavu tu: mshale mpana wa mali ya serikali ya Uingereza, au "Made in Occupied Japan" chini ya kamera za Japani za kipindi cha baada ya vita mpaka 1952, au ile stika ndogo ya dhahabu ya PASSED. Hiyo stika jamani msiibandue. Inaonekana kama takataka iliyosahaulika, lakini ni ushahidi kwamba kamera ilipita ukaguzi wa Japani kabla ya kusafirishwa nje.

Na mkifungua kamera za miaka ya 1960 na 1970 mkakuta kidude kidogo cha kioo chenye mstari kimelehemiwa kwenye njia ya betri, msikikate. Ni diodi. Zile kamera zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimepigwa marufuku sehemu nyingi, za leo za oksidi ya fedha zinatoa 1.55, mita inasoma vibaya. Kuna fundi aliweka diodi ili ishushe hiyo tofauti. Ukiitoa ili kuirudisha kamera "ilivyokuwa" unaiharibu kazi yake.

Nimetengeneza kibati kipya. Nilipima vile vitundu vinne, nikakata bati jembamba, nikakunja vikucha vya kuingia humo, nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Karatasi ya kidirisha cha pili sikuigusa, badala yake nikapima umbali wa fremu nikaandika mizunguko ya kitufe kwenye kadi inayokaa ndani ya kava. Nikafunga uzi kwenye kipete, nikaweka pete ya umbali kwenye mkwaruzo, tundu la mwanga 4,5, nikapiga sura za watu wangu wa nyumbani mmoja mmoja, kila mtu anashika uzi usawa wa jicho, unakaza, anaachia.

Macho yote makali. Na kwenye negativu kile kinundu cha kona hakipo kabisa, manake kibati kinapokaa kinafunika pale pale kipengo kilipokatwa. Kama yule wa kwanza angekuwa ndiye mwenye tupa, angekata katikati ya ukingo, mahali ambapo kibati hakifiki. Kwa hiyo ni watu wawili, nimeandika hivyo kwenye kadi, pamoja na fundi wa soketi, na mimi wa kibati nimejiweka mwisho na tarehe, ili atakayeishika baadaye asihangaike na bati langu akidhani ni la kiwanda.